Tiba Iliyobuniwa kwa Ugonjwa Wetu

Agosti 1978 jarida la tiba la Uingereza, The Lancet, lilichapa barua fupi ya daktari Patrick Steptoe na mwanasayansi Robert Edwards. Walieleza kwamba mgonjwa wao mmoja, mwanamke wa miaka 30, amejifungua kwa upasuaji tarehe 25 Julai, mtoto wa kike, mzima, gramu 2,700. Kufikia siku hiyo magazeti ya dunia nzima yalikuwa yamekwisha kumtangaza Louise Brown, mtoto wa kwanza ambaye mimba yake ilitungwa nje ya mwili wa mama yake. Mimi barua hiyo niliisoma miaka mingi baadaye nikiwa Moshi, na nilichokirudia mara kwa mara ni mistari michache inayomhusu mama. Lesley Brown alikuwa ametafuta mtoto kwa miaka 9. Mirija yake ya uzazi ilikuwa imeziba. Mwaka 1970 alipasuliwa ili izibuliwe, haikuzibuka. Agosti 1977 Steptoe aliyaondoa mabaki ya mirija yote miwili, na ni baada ya hapo yai lake lilipochukuliwa, likarutubishwa maabara, likarudishwa tumboni.

Mirija yangu nami ilikuwa katika hali hiyo hiyo, na daktari alikuwa amekwisha kunipangia tarehe ya kuikata.

Nafundisha baiolojia sekondari. Kila mwaka huchora ubaoni mfumo wa uzazi wa mwanamke na kuwaeleza wanafunzi jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui: yai na mbegu hukutana ndani ya mrija, wala si ndani ya mji wa mimba. Mrija ukiziba, mwanamke anaweza kupata hedhi yake kila mwezi bila kukosa, akawa na mayai mazuri na mume mwenye mbegu nzuri, na bado asishike mimba maisha yake yote. Nilikuwa nikilifundisha hilo kabla sijajua kuwa nazungumza habari zangu.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika mwanzoni mwa ndoa. Nilisafishwa, na siku chache baadaye nikashikwa na homa na maumivu makali chini ya kitovu. Nilipewa vidonge vichache, homa ikashuka, nikaruhusiwa. Hakuna aliyeniambia nirudi kuangaliwa, wala aliyesema kwamba maambukizi ya namna ile, yasipotibiwa barabara, huacha makovu ndani ya mirija hata maumivu yakiisha. Nikarudi darasani. Miaka ikapita. Jirani zangu waliitana kwa majina ya wazaliwa wao wa kwanza, Mama Neema, Mama Goodluck, na mimi nikabaki Mwalimu.

Sasa najua kwamba historia yangu ni ya kawaida mno. Mwaka 1985 The Lancet hilo hilo lilichapa matokeo ya uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi nyingi, na watafiti wake waliuliza kama Afrika ni tofauti. Ilikuwa tofauti. Miongoni mwa wanawake wa Kiafrika waliochunguzwa, chanzo kikubwa cha kukosa mtoto kilikuwa maambukizi na mirija kuziba, kwa kiwango kilichopita cha mabara mengine. Kisonono, klamidia, mimba zilizoharibika au kutolewa bila usalama, uzazi usio na vifaa safi: hayo ndiyo yanayotufunga. Ndiyo maana huku kwetu wengi wanaotafuta mtoto ni kama mimi, watu waliowahi kushika mimba mara moja, kisha basi.

Weka ukweli huo kando ya barua ya 1978 uone kilichonikosesha usingizi. Upandikizaji wa mimba haukubuniwa kwa ajili ya matajiri waliochelewa kuolewa, kama tunavyopenda kusema vijiweni. Ulibuniwa kuuvuka mrija ulioziba. Mgonjwa wa kwanza aliyepata mtoto kwa njia hii alikuwa na ugonjwa ambao wanawake wa Afrika wanao kuliko wengine wote. Na wanawake wa Afrika ndio wanaoipata tiba hii kwa shida kuliko wengine wote.

Kabla sijafika kwenye barua hiyo nilipita kwanza kwa wauza dawa. Msomaji wa Tanzania ameshaona matangazo yao, kwenye nguzo za umeme, redioni, na siku hizi kwenye simu: kusafisha kizazi, kuzibua mirija, matokeo ndani ya siku saba. Nilikunywa mizizi iliyochemshwa na unga uliokorogwa kwenye uji. Sikuwa na tatizo na mitishamba yenyewe. Bibi yangu alitulea nayo. Lakini mwalimu wa baiolojia anapaswa kujiuliza unga unaoingia tumboni na kumeng'enywa utaufikiaje mrija mwembamba uliogandamana kwa kovu, na utalibanduaje kovu hilo bila kugusa kitu kingine. Nilijiuliza, na wauzaji hawakuwa na jibu ila bei ya dozi inayofuata. Hao wanaishi kwa machozi ya wanawake, na nashangaa tunavyowaachia nguzo zetu.

Mume wangu ndiye aliyesema twende hospitali, na akatangulia yeye kupimwa. Nataka jambo hili lijulikane, maana katika ukoo wao hakuna mwanamume aliyewahi kufanya hivyo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo la uzazi katika maisha yake, na kiwango hicho karibu kinalingana katika nchi tajiri na maskini. Mtu, yaani mwanamke au mwanamume. Kipimo cha mbegu ni rahisi, hakiumi, na majibu hayachukui muda. Cha mwanamke kinaumiza. Hata hivyo, katika nyumba nyingi mwanamke atapimwa kila kitu, atapasuliwa, ataachwa, ataolewa mwingine, ndipo mwanamume apelekwe maabara.

Mbegu zake zilikuwa salama. Zamu yangu ikawa picha ya mirija. Unalazwa chini ya mashine ya eksirei, dawa inapulizwa kupitia mlango wa kizazi, na mirija ikiwa wazi dawa hupita na kumwagikia tumboni. Yangu haikupita. Ilijaa pande zote mbili na kuvimba mwishoni, mifuko miwili ya maji. Daktari, mama mmoja mpole, aliniita nje ya chumba, akaweka picha kwenye taa, akasema, "Mwalimu, wewe hii unaielewa kuliko wengi. Sitakudanganya. Hii haizibuki." Kisha akaongeza kwamba hata nikienda kupandikiza, ni bora mirija hiyo iondolewe kwanza.

Kukatwa mirija ili nizae! Jaribu kumweleza hivyo mama mkwe.

Sababu yenyewe ilithibitishwa na utafiti wa hospitali za nchi za Skandinavia ulioongozwa na Annika Strandell, ukachapishwa mwaka 1999. Wanawake wenye mirija iliyojaa maji waligawanywa kwa kura: wengine waliondolewa mirija kabla ya kupandikizwa, wengine wakapandikizwa hivyo hivyo. Waliokatwa, karibu 29 katika kila 100 walipata mtoto, wasiokatwa, 16. Maji yale huvuja na kurudi kwenye mji wa mimba, na kiinitete hakipati pa kujishika. Kwangu utafiti huo ulikuwa amri. Kwa mama mkwe ulikuwa karatasi.

Alikuja kutoka Marangu na ndizi zake, akakaa sebuleni, akasubiri mwanawe atoke. "Mwanangu," akaniambia, "wakishakukata hiyo mirija, Mungu naye atapitia wapi?" Sikumjibu haraka, kwa sababu halikuwa swali la ujinga. Yeye ni Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, na kanisa lake lilikwisha kutoa msimamo mwaka 1987, katika waraka wa Donum Vitae, kwamba mimba isitungwe maabara. Mwenzangu wa ofisi ya walimu, Mwislamu, alikuwa ameniambia kwamba Al-Azhar ya Misri iliruhusu tangu mwaka 1980, ilimradi yai na mbegu ni vya mke na mume waliomo katika ndoa, bila mtu wa tatu. Mimi ni Mlutheri, na mchungaji wangu aliniombea tu. Nilichofanya ni kumsomea mama mkwe ile barua ya The Lancet kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi: huyu mama naye aliziba, naye alizibuliwa ikashindikana, naye alikatwa, kisha akazaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza huyo mtoto yu hai? Nikamwambia yu hai, ameolewa, naye amezaa watoto wake kwa njia ya kawaida. Akanyamaza. Hakubariki, lakini nilipolazwa alikuja kuniuguza, na hakuna aliyeniuguza vizuri kuliko yeye.

Tuliuza kiwanja na kukopa kwenye SACCOS ya walimu, tukaenda Nairobi kupitia Namanga. Kenya ilikuwa na watoto wa upandikizaji tangu 2006, wasichana wawili waliozaliwa chini ya uangalizi wa timu ya Dkt. Joshua Noreh. Tulifikia kwa wifi yangu, mtaa wa Umoja, ambaye alitenga rafu nzima ya jokofu kwa ajili ya sindano zangu na kuwakataza wanawe wasiliguse. Sindano huchomwa tumboni kila jioni ili vifuko vipevushe mayai mengi badala ya lile moja la kila mwezi. Unapimwa kwa ultrasaundi, unasubiri mayai yafikie ukubwa, unachomwa sindano ya mwisho kwa saa iliyopangwa, kisha unalazwa usingizi wa dawa na mayai kuvutwa kwa sindano ndefu inayoongozwa na picha. Mtaalamu wa maabara huyachanganya na mbegu. Baada ya siku chache kinachorudishwa ni kiinitete kidogo kuliko nukta ya maandishi haya, kupitia mrija laini, bila maumivu, na mume wako amekaa pembeni.

Daktari wa pale alitufanyia wema ambao wakati ule sikuujua ukubwa wake. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya malipo, alichukua karatasi akaandika 100, akapiga mstari, akasema kwamba katika wanawake mia wa umri wangu na hali yangu, wanaotoka na mtoto mkononi kwa mzunguko mmoja hawafiki 30. "Waliobaki," akasema, "wanafanya kila kitu sawasawa kama wenzao, na wanarudi mikono mitupu. Mkijiona mko katika hao, msitafute kosa lenu." Mume wangu aliikunja karatasi ile akaiweka kwenye pochi.

Tulikuwa katika hao. Sikupata mtoto, wala mara ile wala baadaye.

Baada ya Nairobi tulijaribu kituo kingine, na huko hatukuandikiwa karatasi. Tulionyeshwa ukuta uliojaa picha za watoto. Tulipouliza ni wangapi kwa mia, tuliambiwa tuwe na imani. Juu ya gharama ya kawaida tuliuziwa huduma ya nyongeza: kukwaruza ukuta wa mji wa mimba kwa mrija mwembamba kabla ya kupandikiza, ili eti kiinitete kishike vizuri. Inauma, na ililipiwa peke yake. Mwaka 2019 jarida la New England Journal of Medicine lilichapa utafiti ulioongozwa na watafiti wa Auckland, New Zealand, juu ya wanawake 1,364 wa nchi tano. Nusu walikwaruzwa, nusu hawakukwaruzwa, kwa kura. Waliopata mtoto katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 26.1. Katika kundi la pili, asilimia 26.1. Niliposoma tarakimu hizo mbili zilizofanana mpaka kwenye nukta nilimshukuru Mungu kwa watu wenye subira ya kuhesabu. Mwanamke aliyekata tamaa atakubali kukwaruzwa, kuchomwa na kunyweshwa chochote, na hana kinga nyingine mbele ya muuzaji ila mtu aliyekwisha kugawanya makundi mawili na kuhesabu watoto.

Hesabu hiyo inatoka wapi? Inatoka kwa watu kama mimi. Hili nililielewa niliposoma habari za kazi ya Steptoe na Edwards huko Oldham, mji wa viwanda wa kaskazini mwa Uingereza, ambako Edwards alikuwa akisafiri kwa gari kutoka Cambridge, safari ya saa nyingi kwenda na kurudi, mwaka baada ya mwaka. Msaidizi wake, Jean Purdy, muuguzi aliyejifunza kazi ya maabara, ndiye aliyekiona kwa darubini kiinitete cha Louise kikigawanyika. Alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 39 tu. Steptoe alifariki 1988. Tuzo ya Nobel ilipotoka mwaka 2010 alibaki Edwards peke yake. Na nyuma ya hao watatu wapo wengine wasio na tuzo. Wanahistoria wa sayansi waliofungua madaftari ya Oldham wamekuta kwamba kati ya 1969 na 1978 wanawake 282 walijitoa kwa majaribio hayo. Walilazwa, walipasuliwa matundu tumboni, mayai yao yakachukuliwa. Viinitete vilirudishwa mara 112. Mimba 5 zikashika. Watoto wawili wakazaliwa.

Wawili kutoka kwa wanawake 282. Waliobaki walirudi nyumbani na hatuyajui majina yao. Ninapowafikiria sijioni nimeshindwa. Najiona nina ndugu.

Jambo jingine la Oldham linatuhusu zaidi. Mwaka 1971 Edwards na Steptoe waliomba fedha kwa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza wakanyimwa. Miongoni mwa sababu ilikuwa kwamba tatizo la kukosa watoto halikuonekana jambo la haraka katika dunia iliyohofia wingi wa watu. Uzazi wa mpango ndio uliotakiwa. Walimalizia kazi yao kwa fedha za watu binafsi. Hoja iliyowanyima Waingereza fedha mwaka 1971 ndiyo inayotolewa mpaka leo mtu akitaja upandikizaji Afrika: ninyi mnazaana sana, mtafutie nini watoto wengine? Nimeisikia kwa wageni na nimeisikia kwa wataalamu wetu. Ni hoja isiyo na huruma na isiyo na mantiki. Jirani yangu kuwa na watoto saba hakujanipunguzia mimi hata siku moja ya upweke, na mke anayefukuzwa kwa kukosa mtoto hafarijiwi na takwimu za sensa.

Desemba 2007 wataalamu walioitwa na chama cha Ulaya cha uzazi na embriolojia walikutana Arusha, kilomita 80 kutoka darasani kwangu, kulijadili suala hili: tiba ya uzazi katika nchi zenye kipato kidogo, na jinsi ya kuishusha bei. Wakati huo mimi nilikuwa nakunywa unga kwenye uji. Mmoja wa vinara wa jitihada hizo ni Willem Ombelet wa Genk, Ubelgiji, na mwenzake Jonathan Van Blerkom wa Colorado, Marekani, ndiye aliyebuni njia ambayo mwalimu yeyote wa sayansi ataipenda. Viinitete vinahitaji hewa ya kaboni dioksaidi kwa kiasi maalumu, na kwa kawaida hewa hiyo hutoka kwenye mitungi na mashine za bei kubwa. Van Blerkom alichukua mirija miwili ya kioo iliyounganishwa. Katika mmoja, asidi ya sitriki na baikaboneti ya sodiamu huchanganywa, hewa inatoka. Katika wa pili, yai na mbegu vinakaa ndani ya hewa hiyo, vimefungwa, katika joto la mwili. Vitu hivyo viwili vimo katika kabati la maabara ya shule yangu. Watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa Ubelgiji mwaka 2012, na matokeo yakachapishwa 2014: mayai ya mama mmoja yalipogawanywa kati ya njia rahisi na njia ya kawaida, viinitete vya njia rahisi havikuwa duni.

Inawezekana, basi. Ubelgiji yenyewe tangu 2003 hulipia maabara za upandikizaji hadi mizunguko 6 kwa mwanamke ambaye hajafika miaka 43, kwa sharti la kurudisha viinitete vichache ili kupunguza mapacha na hatari zake. Sisemi Tanzania au Kenya iige hilo kesho. Nasema hospitali zetu za rufaa zinaweza kuwa na njia ya bei nafuu, na wizara zetu zinaweza kukilazimisha kila kituo, cha serikali na cha binafsi, kutangaza hadharani kila mwaka kimepandikiza wangapi na wamezaa wangapi. Hilo la pili linahitaji utashi kuliko fedha.

Na wewe unayesoma, ukiwa na maumivu chini ya kitovu, homa baada ya mimba kuharibika, au uchafu usio wa kawaida, nenda hospitali wiki hii, nenda na mwenzi wako, mtibiwe wote na mmalize dozi. Klamidia na kisonono hutibika kabla hazijafika kwenye mirija. Ukiwa umeshachelewa kama nilivyochelewa mimi, mume apimwe kwanza. Na ukifika kituo chochote cha upandikizaji, kabla ya kutoa shilingi uliza: katika wanawake mia wa umri wangu waliotibiwa hapa mwaka jana, wangapi wametoka na mtoto hai? Wakikujibu kwa tarakimu, kaa muongee. Wakikuonyesha picha za ukutani, chukua mkoba wako uondoke.